Seli za Akello

Afande Odongo amefariki hapa Wanyange, nje kidogo ya Jinja, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga alipokaribia kustaafu uaskari jela, na mimi nilipopata habari niliacha chai yangu mezani nikatafuta bodaboda. Umri wangu hauniruhusu tena kupanda bodaboda, magoti yananisuta wiki nzima, lakini msiba hausubiri magoti. Nilipofika wanawake walikuwa wamejaa uani wakichagua maharage, na harufu ya samaki wa kubanika aliokuwa akiuza marehemu ilikuwa bado imeshika kwenye mapazia. Mama Akello, mjane wake, alikuwa ameketi kitandani, miguu ameinyoosha. Hakulia. Aliniambia tu, "Zaina, umekuja," akagonga godoro kwa kiganja nikae karibu yake. Tukakaa. Majirani wa pale wanamwita Mama Akello kwa mazoea, na nadhani wengi wao huamini kwamba Akello ni binti aliyeolewa mbali, asiyekuja kusalimia wazazi. Mmoja alifikia hata kuuliza, kwa sauti ya kulaumu, "Na huyo Akello, amepigiwa simu?" Nilimtazama mpaka akarudi kwenye maharage yake. Katika chumba kile kizima tulikuwa wawili tu tuliomjua Akello, na mmoja wetu alikuwa mama yake.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioletwa Mbale kusoma, nikakaa kwa Shangazi Mariamu. Kwa nini nilitolewa Jinja ni hadithi ndefu na sina haja nayo. Shangazi alikuwa na hoteli ndogo, meza tatu na benchi, ng'ambo ya barabara kutoka kota za askari jela, na mimi nililala nyuma ya pazia, kati ya magunia ya unga na madebe ya mafuta ya kupikia. Nguo zangu zote zilinuka iliki. Jioni baridi ilishuka kutoka mlima Wanale ikaingia chini ya mlango, na Shangazi alikuwa akiweka gunia tupu pale chini na kulisukuma kwa mguu, huku akiulaani mlima kama jirani mbaya. Kutoka nyuma ya pazia lile nilisikia mengi kuliko niliyofundishwa shuleni. Askari walikuja kunywa chai na kuzungumza Kiswahili, na kwa sababu hiyo wenyeji wengi hawakuingia. Kiswahili wakati ule kilikuwa bado kinawakumbusha watu vizuizi vya barabarani na mitutu ya bunduki. Kwetu sisi Waislamu wa mjini kilikuwa lugha ya nyumbani, na kwa Afande Odongo, mtu wa kaskazini, kilikuwa lugha ya kazi. Kwa hiyo akiwa na jambo zito la kumwambia mtu asiye wa kwao, alimwambia Shangazi.

Akello, binti yake, tulikaa dawati moja. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa ya manjano, basi darasa likampa jina la Manjano, naye akaliitika bila kinyongo. "Nimemeza jua," alikuwa akisema, "ndiyo maana nyinyi mnaganda na mimi nawaka." Uongo mtupu! Baridi ndiyo iliyokuwa adui yake. Usiku wa mvua mifupa ilimkamata, mapaja, mgongo, mikono, na asubuhi iliyofuata dawati lilikuwa langu peke yangu. Leo wanauita ugonjwa huo selimundu, na wapo wanaoandamana na fulana kuutangaza. Wakati ule tulisema "ule ugonjwa wa watoto wa Mama Akello", maana wawili walikuwa wametangulia kabla yake. Kwao kulikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka. Nilikula pale mara nyingi, mboga za boo, majani ya kunde, zilizoungwa kwa simsim, na kalo, ugali wa mtama uliopigwa ukakaza. Mama Akello akipika nyama alinitengea mboga mapema, bila kuambiwa, ili niwe na amani na dini yangu. Baada ya kula Afande alivuta miguu ya Akello akaiweka juu ya mapaja yake, akaikanda kwa maji ya moto, taratibu, kutoka kifundoni hadi gotini. Alikuwa na mikono mikubwa, mikono ya kufungua makufuli mazito, na Akello alisinzia humo huku akijibishana naye. Mimi niliwaonea wivu. Nasema wazi.

Kisha Mwalimu Wafula akatufundisha seli. Alikuwa mtu wa upande wa Kenya, mfupi, mwenye chaki hadi kwenye nyusi, na ingawa masomo yalikuwa kwa Kiingereza, akiona tumeduwaa alirukia Kiswahili na kutuchekesha. Siku hiyo alichora duara ubaoni, akaweka doa katikati, akageuka. "Haya. Mnaogopa nini? Neno lenyewe mnalijua. Seli ni seli. Tuseme hii ni jela." Utando wa seli, akasema, ni askari wa lango: anaruhusu chakula kuingia, anatoa taka, na asiye na ruhusa haingii. Kiini ni ofisi ya bwana mkubwa, amri zote zinatoka humo. Ute uliojaa katikati ni uwanja ambamo kazi zote hufanyika. Ribosomu ni karakana, wafungwa wanatengeneza viti na vitanda, yaani protini. Vakuoli ni stoo. Mitokondria ni jiko, nguvu inatoka huko. Akello akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimezaliwa jela. Jikoni kule hakuna nguvu. Kuna ugali wa posho na maharage yenye wadudu." Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu Wafula alicheka hadi akakaa. Kuanzia hapo Akello akawa mtaalamu. Kila sehemu iliyotajwa, alituambia nani analala huko na nani anaiba sukari.

Tulipofika kwenye chembe nyekundu za damu, Mwalimu akasema hizi ni seli za ajabu kidogo, hazina kiini. Zinazaliwa nacho, zinakitupa zikikomaa, ili nafasi yote iwe ya kubeba hewa safi kuipeleka mwilini. "Jela bila bwana mkubwa!" Akello akaninong'oneza. "Sasa nimejua kwa nini zangu zinafanya fujo." Jioni ile nilikuwa kwao alipolisimulia somo lote wakati wa chakula. "Baba, unajua mwili wangu umejaa seli? Nyingi, huwezi kuhesabu. Na kila moja ina askari wake langoni." Mama yake alicheka. Afande aliacha kutafuna. Tonge lilikuwa shavuni mwake, akalishikilia hapo, akamtazama mtoto wake kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilidhani amechoshwa na kelele zetu.

Muda si mrefu mvua zikaja, zikamlaza Akello hospitalini. Aliporudi amebaki mifupa na macho, nyumba ile haikuwa ile tena. Afande alihamia chumba cha askari wa zamu. Alikuja nyumbani kula, akala kibarazani, sahani juu ya magoti, yunifomu imefungwa vifungo hadi shingoni, kisha akaondoka. Hakuvuka kizingiti. Mama Akello alimkanda mtoto yeye mwenyewe, na mikono yake midogo, iliyochoka kwa kufua nguo za watu kule mtaa wa Namatala, haikufika mahali maumivu yalipokaa. Nilimuuliza Mama Akello kulikoni, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi hajaniambia." Akello hakuuliza. Siku moja nilimkuta amejifunika blanketi mchana, amegeukia ukuta. "Baba amechoka na mimi, Zaina," akasema. "Simlaumu. Amezika wawili, sasa anajizoesha mapema." Nikamwambia aache upuuzi. Akageuka. "Najua nitakufa, hilo silililii. Ila sitaki kufa kabla hajanishika tena." Niliondoka pale nikiwa na hasira na yule mzee ambazo sijawahi kuwa nazo kwa mtu. Mtu mzima, mwenye cheo begani, anamkimbia mtoto mgonjwa! Niliacha hata kumwamkia.

Jioni moja akaja hotelini, mvua inanyesha, hakuna mteja mwingine. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipepeta unga. Shangazi alimwekea chai na andazi, naye hakugusa.

"Dada," akasema, "daktari aliita mimi pembeni. Akasema ugonjwa ya huyu mtoto iko kwa seli."

"Seli gani, Afande?"

"Mimi pia niliuliza hivyo. Akasema, seli ya damu." Akasukuma kikombe kando. "Seli ya damu, Dada! Yeye alijua namna gani? Ile seli ya nyuma, wakati ule mbaya watu walikuwa nakufa ndani. Mimi nafungua asubuhi, nabeba wao nje. Damu iko kwa sakafu, nakanyaga na hii kiatu. Halafu narudi nyumbani, napakata mtoto."

"A'udhu billahi," Shangazi akasema polepole.

"Akasema tena, seli yake imepinda, inafunga njia. Na mtoto mwenyewe alisema kwa chakula, mwili yake imejaa seli, kila moja na askari. Dada, huyo askari ni mimi. Watoto watatu, mimi ndiyo nabebea wao ile kitu kwa nguo. Sasa sigusi yeye. Pengine ikikosa mimi, itamwacha."

Kicheko kilinipanda kooni, nakiri, kwa sababu ya lile neno. Halafu kikashuka chenyewe. Kumbe mtu huyu hakuwa amemkimbia mtoto. Alikuwa amejifunga nje. Nikatoka nyuma ya pazia na unga mikononi. "Afande, si seli hiyo!" Shangazi akanikemea, "Zaina! Wakubwa wanazungumza!" lakini Afande aliinua mkono. "Wacha aseme. Seli ni ngapi duniani?" Nikamweleza kama nilivyoweza, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kiumbe kimejengwa navyo, mimi, Shangazi, hata kitunguu kile kikapuni. Hata mtoto wa imamu anazo. Nilimwambia kwamba mfano wa jela ulikuwa utani wa mwalimu, na kwamba daktari hakuwa akizungumzia sakafu ya mtu yeyote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa. "Binti, unasema vizuri. Lakini mimi ni mtu ya zamu. Tunapokea wafungwa kwa macho, si kwa mdomo."

Basi nikamwendea Mwalimu Wafula. Nilidhani atacheka. Aliposikia niliyoyasikia nyuma ya pazia alivua miwani, akaifuta kwa tai, akarudia kama mara mbili, "Mimi na mfano wangu. Mimi na mfano wangu." Ijumaa baada ya masomo alikuja nami hadi kota na sindano iliyochemshwa. Alimdunga Akello kidoleni, akanidunga mimi, na Afande, aliyesimama mlangoni kama mgeni, akajitolea kidole chake mwenyewe. Kila tone aliliweka kwenye kioo, akalifunika kwa kioo kidogo na kuziba kingo kwa vaselini ili hewa isipite. Chembe za ugonjwa ule, alitueleza, hujificha zikiwa na hewa. Zinyime hewa, zitaonyesha umbo lake. Tuliviacha maabara hadi asubuhi. Jumamosi Afande alikuja amepiga pasi yunifomu, akavua kofia mbele ya hadubini kama anayeingia kanisani, akainama. Kwanza aliona damu yangu. "Sahani," akasema. "Sahani ndogo ndogo, duara." Halafu akaona ya Akello, asiondoe jicho. Chembe zilikuwa zimepinda, nyembamba, zenye ncha, mundu wa kuvunia mtama hasa. "Hakuna sakafu," akasema mwishoni. "Hakuna mtu." Nikafurahi, nikamtazama Mwalimu, ushindi umeandikwa usoni mwangu. Afande akauliza, "Na hii ya tatu?"

Mwalimu alitaka kuiondoa. Nilimwona. Aliijua kabla yetu, alikuwa ameitazama alfajiri. Lakini Afande tayari alikuwa amesogeza jicho. Humo sahani zilikuwa nyingi, na kati yake, hapa na pale, mundu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Afande," Mwalimu akasema. Akamweleza kwa upole kwamba mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mwenye nusu moja haumwi, anatembea nayo maisha yake yote bila kujua. Nusu mbili zikikutana kwa mtoto ndipo huwa ugonjwa. Si dhambi, akasema. Si damu ya mtu mwingine. Ni kama urefu, ni kama sauti.

"Kwa hivyo imetoka kwangu," Afande akasema.

"Kwako na kwa mama yake."

Nilitamani nisingemleta pale. Nilikuwa nimetaka kumtua mzigo, na tazama, nilikuwa nimeutoa begani nikamwingizia moyoni. Alisimama akitazama ukuta wenye picha za vyura na majani. Wallahi nilidhani ataanguka. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza ruhusa ya likizo. "Mwalimu, kama nilishampa, siku ile alizaliwa, naweza kumpa tena?"

"Hapana, Afande. Huwezi."

Akavaa kofia, akapiga saluti, nadhani bila kujua, akatoka. Nilimfuata mbio hadi kota. Alipofika kibarazani alifungua vifungo, akavua shati la yunifomu, suruali, viatu, vyote akavitundika kwenye msumari nje ya mlango, akabaki na singlendi na kaptula. Ndipo akavuka kizingiti. Akello alikuwa amelala. Alivuta miguu yake akaiweka juu ya mapaja, akamwita mama alete maji ya moto. Akello alifumbua macho akamwangalia, akamwangalia tena. "Baba, umeibiwa nguo?" Yule mzee alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mimi nikarudi nje, kwa kuwa lile halikuwa langu.

Akello hakupona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajidai kuusimulia wao. Alikufa kabla ya mitihani, mchana wa jua kali, miguu ikiwa mahali pake juu ya mapaja ya baba yake, na Afande aliendelea kuikanda kwa muda baada ya sisi wengine kujua. Walimpeleka kaskazini kumzika. Mimi nilikaa dawati moja peke yangu, nikafanya mtihani, na swali la kwanza lilikuwa chora seli ya mnyama na utaje kazi ya kila sehemu. Nilichora. Nililia juu ya karatasi mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Baadaye nikawa mwalimu wa bayolojia hapa Jinja hadi nilipostaafu, na sikumfananishia mwanafunzi yeyote seli na jela, hata darasa liduwae vipi. Afande alipohamia Wanyange alinitafuta. Aliniita Mwalimu, mimi mtoto wa nyuma ya pazia, na miaka yote hiyo nilitembea na kiburi kidogo ambacho sikumwonyesha mtu: kwamba kuna baba mmoja duniani niliyemtoa gizani kwa vipande vitatu vya kioo.

Mchana huu wamekuja wenzake wa kazi, wazee wawili na ofisa mmoja kijana. Wameleta yunifomu yake ya mwisho, imefuliwa, imepigwa pasi, vifungo vinang'aa, ili avishwe kabla ya lori kuondoka naye kesho kwenda kwao, atakakolazwa kando ya Akello. Kijana aliongea kwa heshima. "Mama, ndiyo utaratibu wetu. Ni heshima yake."

"Hapana," Mama Akello akasema.

"Mama, alitumikia—"

"Nimesema hapana. Ameniambia mwenyewe, juzi, akiwa na akili zake. Anaenda kwa mtoto. Nguo ya seli inabaki nje."

Kijana alinitazama, kwa sababu wamemwambia mimi ni msomi. Alingoja niseme kitu. Mama Akello naye akanitazama. "Hata hapa, Zaina," akaniambia taratibu, "mpaka anastaafu, hakuingia nayo ndani. Siku hata moja. Ulikuwa hujui?" Sikujua. Nilikuja nyumba hii mara nyingi, nikamkuta daima na singlendi yake, nikadhani ni joto la ziwa. Kumbe aliiona damu ile kwa jicho lake, akamwamini Mwalimu, akaniamini na mimi, na bado hakuwa na hakika. Alimshika mtoto wake bila kuwa na hakika. Somo zima lilikuwa mdomoni mwangu, utando na kiini na nusu kwa baba na nusu kwa mama, na mara hii nililimeza.

Niliipokea ile yunifomu kwa mikono miwili kutoka kwa kijana, nikatoka nayo uani, wanawake wakanipisha. Kando ya mlango kuna msumari. Nikaitundika hapo.